Mpaka Tarehe Kumi na Tano

Jumapili, 9 Novemba

"Maji ikipanda fundo moja, mateso inashuka fundo moja."

Hivyo ndivyo alivyosema leo Stanislas, chifu wa mtaa wetu, nje ya kanisa baada ya Misa, mkono mmoja mfukoni na mwingine ukionyesha mawingu. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi nilikunja mwavuli wangu nikamwuliza: mateso ya nani? Akacheka. "Madame Constance, hata mvua utaikatalia?"

Sentensi yake ina sura ya hesabu, ndiyo maana inadanganya vizuri. Kitu kimoja kinapanda, kingine kinashuka, na msikilizaji anaona mizani mbele ya macho. Lakini Stanislas amechagua mwenyewe kitu cha kuweka upande wa pili: mikono ya wanawake. Kwa mikono, ni kweli. Bomba la barabarani lilitoa maji mara ya mwisho mwaka juzi, siku mkubwa fulani alipopita na msafara, na tangu siku hiyo avenue nzima inakunywa visima. Wakati wa kiangazi kamba ya kisima, tunayoipima kwa mafundo yake, inakwenda chini mpaka mabega yanalia. Masika yakija, maji yanapanda, kamba inakuwa fupi, watu wanamshukuru Mungu.

Hakuna anayeuliza maji hayo yanapanda kuelekea wapi. Katika kila lupango, yaani kila ua wa nyumba hapa Kampemba, hatua nane au kumi kutoka kisimani, kuna shimo la choo. Mulenga, ambaye amechimba karibu vyote vya avenue yetu, ameniambia huwa anachimba mita sita, kisha anaweka sakafu. Maji yakiwa mita kumi na mbili chini, choo na kisima ni majirani wasiosalimiana. Yakifika mita sita, wanakula sahani moja.

Kwa hiyo, Stanislas: maji yakipanda, mikono inapumzika na matumbo yanakaribia kaburi. Jibu hili sikulitoa kanisani. Nilikuwa bado nalitafuta, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumatano, 12 Novemba

Hasira bila vipimo ni kelele. Nimekwenda kwa Mama Adolphine, mwenye kisima kinachotumiwa zaidi. Nyuma ya lupango lake ndiko anakopanga chumba yaya Christiane, dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufa. Anauza samaki kavu wa Kasenga, na nguo zake zote zinanukia mto Luapula.

Kamba ya kisima hicho ina historia. Marehemu mume wa Mama Adolphine alikuwa mtu wa reli kama baba yetu. Alileta kamba nene ya katani kutoka kazini, akaipiga mafundo thelathini, kila fundo mkono mmoja kutoka lingine, yaani nusu mita. Lupango zima linaiita Trente, thelathini kwa Kifaransa, kama mtu anavyomwita mbwa wake. "Leta Trente." "Nani ameacha Trente kwenye matope?"

Nilimkuta akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama, kamba iko ngapi?"

"Iko Trente," alijibu bila kuinua macho.

"Na ndoo ikigusa maji, mafundo ngapi inaingia?"

"Ile imeingia ku kisima nani ataihesabu? Miye nahesabu ile inabakia mu mikono. Leo, sita."

Ni njia nzuri, na ni ya watu wenye kazi. Mafundo makavu yanahesabika kwa kugusa tu. Thelathini toa sita ni ishirini na nne: mita kumi na mbili. Nimeandika.

Yaya alitoka chumbani akicheka. "Mudogo yangu amekuya kufundisha kisima."

Nimemwambia tangu leo achemshe kila tone analokunywa. Amelalamika kuhusu makala, yaani bei ya mkaa, lakini amekubali. Huyu ndiye mtu pekee mjini anayenitii.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeweka kopo la maziwa katikati ya uwanja wangu, mbali na paa, na rula ndani yake. Kuanzia leo najumlisha mvua. Mvua: sifuri. Mafundo makavu kwa Adolphine: sita.

Jumanne, 18 Novemba

Milimita kumi na moja.

Jumapili, 23 Novemba

Milimita kumi na tisa kwa saa moja. Radi imeua mbuzi wa jirani. Stanislas amehubiri tena kuhusu fundo na mateso. Sasa watoto wanaiimba.

Jumatatu, 1 Desemba

Jumla ya mvua tangu tulipoanza: milimita mia moja na ishirini. Mafundo makavu: manane. Kwa hiyo kamba iliyo ndani ni ishirini na mbili. Mvua mia na ishirini, mafundo mawili. Sitini kwa fundo moja.

Pointi mbili zinaweza kubeba mstari wowote anaoutaka mwongo. Nasubiri ya tatu.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimepeleka kisima darasani. Miaka ishirini na sita nimefundisha mlinganyo wa mstari kwa mifano ya vitabu, ambamo mtu fulani anajaza beseni lisilo na tundu katika nchi isiyo na matope. Leo niliandika ubaoni:

y = 24 − x/60

Nikawaambia: x ni mvua, mnayoisikia juu ya bati. y ni kamba inayoingia kisimani. Plamedie, msichana wa dawati la mbele, nilimwomba asome. Akasoma kama wanavyosoma wote: "y iko vingt-quatre, unatosha x mu soixante." Kutosha, kwetu, ni kuondoa.

Mkaguzi mmoja aliwahi kunikemea kwa kuwaacha wanafunzi wasome alama ya usawa kama "iko". Nilimjibu kwa barua ya kurasa tatu. Kwetu *iko* ni neno la kusema kitu ni nini, kipo wapi, kina hali gani. Ni neno pana kuliko alama yenyewe, na mtoto anayesema "iko" anajua zaidi anachosema kuliko anayesema "égal" kama kasuku. Bado nasimamia barua ile.

Nikawauliza: x ikiongezeka kwa sitini, y inafanya nini? Inapungua moja. Ikiongezeka kwa mia na ishirini? Mbili. Na hiyo sitini inatuambia nini? Kasi ya mteremko. Walikuwa macho, wote hamsini na wanne. Ni mara chache sana.

Plamedie akainua mkono. "Madame, na mvua ikikuwa zero, y iko ngapi?"

"Ishirini na nne. Ndipo mstari unapoanzia."

"Nani alipima?"

"Mama Adolphine."

"Alipima, ao alisema?"

Darasa likacheka. Nami, badala ya kushukuru, nilijibu haraka: "Weye ukikuwa na kisima yako, utakuya kunifundisha." Wakacheka zaidi, na yeye akaketi. Nilifurahia kicheko hicho.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua siku nzima. Thelathini na mbili.

Jumanne, 16 Desemba

Pointi ya tatu: mvua mia mbili na arobaini, mafundo makavu kumi, kamba ya ndani ishirini. Nimeweka rula kwenye karatasi ya miraba na pointi zote tatu zimelala chini yake kama watoto wa mama mmoja kitandani. Nimefundisha mistari maisha yangu yote na sikuwahi kuona mmoja ukijitokeza duniani kwa unyofu hivi.

Vyoo viko mita sita, yaani mafundo kumi na mawili. Kutoka ishirini na nne mpaka kumi na mbili ni mafundo kumi na mawili; mara sitini, milimita mia saba na ishirini. Mvua yetu inakwenda mia na ishirini kila nusu mwezi. Kwa hiyo: tarehe kumi na tano Februari. Siku hiyo kisima cha Adolphine kitaanza kunywa choo.

Nimepeleka karatasi kwa Stanislas. Alikuwa barazani, viatu miguuni bila kamba, akisikiliza kesi ya bata.

"Madame, huu mustari njo nini?"

"Ni kifo cha watu wako, kimepangwa kwa tarehe."

"Na nani alikupa tarehe? Mungu?"

"Kugawanya."

Wenye bata walicheka. Nilimwambia mbele yao kwamba mtu aliyejifunza kuhesabu kwenye vizibo vya chupa hapaswi kuongoza hata kuku. Uso wake ulibadilika. Hakunitukana. Aliikunja karatasi polepole na kuiweka mfukoni, na nikaondoka nikijiona mkubwa.

Jumapili, 21 Desemba

Nimeshinda.

Kwenye kisima cha Adolphine, na kwenye visima vingine vinane vya avenue, limebandikwa tangazo lenye muhuri wa mtaa:

*KUFUATANA NA HESABU YA MADAME CONSTANCE, MWALIMU, MAJI YA VISIMA ITAHARIBIKA TAREHE 15/2. KUTOKA TAREHE HIYO NI LAZIMA KUCHEMSHA.*

Stanislas alinijia baada ya Misa na kunipa mkono. Alisema alimpelekea mpwa wake aliye chuo kikuu ile karatasi, na mpwa akasema mstari hauna kosa. "Niliona haya, Madame. Lakini haya haiue." Nilijibu kitu cha adabu. Miaka yote nimeandika barua kwa magazeti, kwa maparoko, kwa wakaguzi, na hii ni mara ya kwanza maneno yangu yamegongwa muhuri.

Nimepita mara tatu kulisoma.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli kwa yaya. Bukari, ugali wetu, samaki wa Kasenga kwenye karanga, na chupa moja ya soda tuliyogawana kama watoto. Alisali kwa Kiluba, kisha akasukuma sufuria iliyokuwa ikichemka jikoni.

"Mudogo, makala inanimaliza. Kila siku nachemsha maji sawa mugonjwa. Jirani bote banakunywa vile, banasema tangazo iko ya mwezi wa pili. Nichemshe mpaka lini?"

Nilifikiri kama mwalimu. Nilichukua tarehe yangu, nikaondoa wiki mbili kwa ajili ya tahadhari, na nikaona nimekuwa na busara sana.

"Pumzika sasa. Anza tena mwanzo ya mwezi wa pili. Itatosha."

"Kweli?"

"Mustari hauna kosa, yaya."

"Basi niko huru mwezi muzima na kipande!" Akaipua sufuria, akachota kikombe kutoka ndoo, akanywa mbele yangu na kulamba midomo. "Maji ya moto inaua utamu ya samaki," alisema.

Alhamisi, 1 Januari

Mvua mia tatu na sitini. Mafundo makavu kumi na mawili. Juu ya mstari kabisa.

Alhamisi, 8 Januari

Shule bado imefungwa. Ukungu kwenye vitabu. Ishirini na mbili.

Ijumaa, 16 Januari

Mia nne na themanini. Makavu kumi na manne, ndani kumi na sita. Pointi ya tano, na bado rula haisogei. Bado mita mbili kamili kati ya maji na vyoo. Mama Adolphine anasema sasa hata bibi kizee anachota kwa mkono mmoja.

Jumatatu, 19 Januari

Saa moja asubuhi Mama Adolphine aligonga kwangu. Sikuhitaji kuuliza; alikuwa hajavaa viatu.

Yaya alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, na sakafu yote imelowa maji meupe kama ya kuoshea mchele. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Ngozi ya mkono nilipoibana ilibaki imesimama.

"Mudogo," alisema, "samaki iko ku jua. Itoshe mbele ya mvua."

Tulimbeba kwenye mkokoteni wa unga. Kwenye hema za wagonjwa wa kipindupindu tulikuta watu wawili wa avenue yetu wamefika kabla: mwashi wa kona na mtoto wa fundi wa redio. Wauguzi walikuwa wakikimbia. Walimtundikia chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mmoja akaniuliza: "Anakunywa maji ya wapi?"

"Kisima," nilisema, "lakini bado iko mazuri." Muuguzi aliniangalia. Nami nikarudia, kwa sauti ya darasani: "Bado iko mazuri mpaka mwezi ujao."

Nilifikiri juu ya samaki. Nilifikiri juu ya soko, mikono, nzi. Nilifikiri juu ya kila kitu isipokuwa kisima, kwa sababu kisima nilikuwa nimekihesabu.

Jumanne, 20 Januari

Chupa ya tisa. Ameniuliza kama nimeanika upya samaki. Nimesema ndiyo. Sikuanika.

Jumatano, 21 Januari

Figo zimekataa. Hawasemi, lakini wameacha kukimbia.

Alhamisi, 22 Januari

Yaya Christiane, saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Jumamosi, 24 Januari

Tumemzika jana katikati ya mvua. Leo, kilio kikiwa bado kimejaa lupango zima la Adolphine, wanawake wakichota maji ya kupikia waombolezaji, nilisimama kisimani na kuona kitu ambacho mtoto angekiona. Maji yalikuwa karibu. Niliona ndani yake uso wangu na kitambaa changu cha msiba, wazi, kama kwenye sahani.

Nilifunga jiwe kwenye uzi wa kushonea, nikalishusha mpaka likagusa maji, nikalivuta, nikaupima uzi chini kwa mita ya Mulenga, ambayo ni ya mita tano tu, mara moja na kipande. Mita tano na sentimita sitini.

Mstari wangu ulisema zaidi ya saba na nusu.

Kazi hiyo ilichukua dakika nne. Ningeweza kuifanya tarehe kumi na mbili Novemba.

Nikamwita Mama Adolphine kando.

"Mama, hii kamba iko na mafundo ngapi?"

"Shi iko Trente."

"Hesabu na miye."

Tuliivuta yote kwenye majani, tukaanza kwenye ndoo, fundo kwa fundo. Yeye aliacha kuhesabu kwa sauti tulipopita ishirini. Ishirini na sita. Kisha ncha, iliyokatwa kwa kisu, safi.

"Ile ingine ine iko wapi?"

Alifikiri. Hakuwa akificha kitu. "Iko Sakania," alisema. "Mwezi wa kumi, wakati mutoto yangu Deborah alienda ku ndoa kule. Sanduku yake kufuli ilikufa. Nilikata kipande, nikafunga."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Uliniuliza kamba iko ngapi. Nikakujibu: iko Trente. Njo jina yake, Madame. Hata ikibakia na kumi, itakuwa Trente."

Aliponiona uso akaanza kulia, bila kujua ni kwa nini hasa, na nikamshika mkono. Hakukosea. Mimi ndiye niliyeuliza kwa *iko* nilipopaswa kuuliza kwa *iko na*. Kitu ni nini; kitu kina nini. Mwalimu wa barua za kurasa tatu.

Nimekaa kwenye mkeka wa kilio na kurekebisha. Mafundo makavu yalikuwa ya kweli siku zote. Lakini nilikuwa nikiyatoa kutoka thelathini badala ya ishirini na sita. Kwa hiyo mwanzo haukuwa ishirini na nne, ulikuwa ishirini. Mteremko ni ule ule: sitini kwa fundo moja. Ndiyo sababu pointi zote zilikaa sawa. Mstari mzima ulikuwa umenyanyuliwa mafundo manne juu ya ukweli, sambamba nao, bila kuugusa wala kuuacha, na kila nilipopima nilithibitisha mteremko na kudhani nimethibitisha mstari. Ishirini toa kumi na mbili ni manane. Mara sitini, mia nne na themanini.

Milimita mia nne na themanini zilitimia tarehe kumi na sita Januari. Siku hiyo niliandika hapa kwamba rula haisogei.

Mafundo manne ni mwezi mmoja. Tahadhari yangu ilikuwa wiki mbili.

Jumatatu, 26 Januari

Nimekwenda kwa Stanislas. Alisimama kunipokea, akavua kofia.

"Madame, pole na kilio."

"Tangazo liondolewe leo. Tarehe ni ya uongo. Kisima kimeharibika tangu siku kumi."

Akaniketisha. Aliita maji ya kunywa, nami nikayaangalia yakija kwenye glasi, na sikuweza hata kuuliza yametoka wapi.

"Madame, nakuheshimu. Uliniletea karatasi, nikakataa, ukaniita mujinga mbele ya bantu. Nikakubali. Sasa nimekubali, utaniita nini?"

"Nilikosea mwanzo. Kamba ilikuwa fupi."

"Mustari uliangaliwa na mutoto wa chuo kikuu. Alisema hauna kosa."

"Mstari hauna kosa! Umekaa mahali pabaya!"

Nilisikia mwenyewe jinsi nilivyosikika. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonivunja.

"Kufiwa na yaya ni kintu kikubwa," alisema. "Lakini hesabu haibadilike juu ya machozi. Weye njo ulitufundisha vile."

Nimemchukia mtu huyu miezi mitatu kwa sababu hakuamini hesabu. Si mtu mbaya. Watoto wake wanne wanachota pale pale. Tatizo lake leo ni kwamba amekuwa mwanafunzi wangu bora.

Jumatano, 28 Januari

Mwashi wa kona amekufa. Nimebandua matangazo yote tisa. Jioni yalikuwa yamerudi, na chini yake mtu ameandika kwa kalamu: *Usitoe. Tarehe bado.*

Nimesimama kisimani nikawazuia wanawake. Hawakunitukana. Walingoja nimalize kusema, kama unavyongoja mvua ipite, kisha mmoja akanionyesha karatasi kwa kidole: "Madame, shi jina yako njo hii?"

Ni yangu.

Nimeelewa jambo ambalo halimo katika kitabu chochote nilichosoma. Niliwapa onyo lenye tarehe. Wao wakasikia ruhusa yenye tarehe. Kabla ya hesabu yangu, nusu ya avenue ilikuwa inaogopa kidogo, kwa tabia tu, na inachemsha kidogo. Kadiri nilivyokuwa na uhakika, ndivyo walivyoacha kuogopa. Huo nao ni mlinganyo wa mstari: x ni uhakika wa Constance, y ni makala yanayowashwa jikoni. Unateremka vizuri. Pointi zote zinakaa juu yake.

Ijumaa, 30 Januari

Zamani, katika mji mkubwa wa Ulaya, daktari mmoja alishindwa kuwashawishi watu kwamba bomba lao linaua, akafanya mpango mpini wa bomba ung'olewe. Nimesimulia kisa hiki kwa madarasa mengi. Leo alfajiri nimechukua Trente, ndoo na yote, nikaiweka chini ya kitanda changu.

Saa sita mchana kulikuwa na kamba mpya kisimani, ya nailoni, ya buluu. Haina fundo hata moja.

Jumamosi, 31 Januari

Darasani, jana, kiti cha Plamedie kilikuwa kitupu. Nimetuma mtu kwao. Si mgonjwa, mama yake ndiye aliye kwenye hema. Nimekwenda mwenyewe. Msichana alikuwa mlangoni akifua shuka. Nilimwambia: "Siku ile uliuliza vizuri, nami nikafanya watu wakucheke." Akasema, "Haiko neno, Madame," akaendelea kufua. Nilimwuliza maji ya kufulia ameyatoa wapi. Alionyesha upande wa kisima kwa kidevu.

Jumatatu, 2 Februari

Mvua, jumla: milimita mia sita na ishirini. Maji yamevuka sakafu ya vyoo kwa zaidi ya mita moja. Waliolazwa kutoka avenue yetu ni kumi na saba. Waliozikwa ni watano. Tarehe ya tangazo bado siku kumi na tatu, na kila siku kati ya hizo kumi na tatu watu watakunywa kwa sababu mimi niliwaambia wanywe.

Sitegemei kusikilizwa. Aliyeaminiwa mara moja kwa uongo hawezi kuaminiwa mara ya pili kwa ukweli, hasa akiwa amevaa kitambaa cha msiba. Lakini maneno ya ukurasa huu nitayanakili mara tisa na kuyagonga kwa misumari, si gundi, kwenye milango tisa.

Kwenu ninyi tisa, wenye visima vya avenue hii. Si kwa wachotaji. Wao wana kiu, na kiu haisomi. Kwenu ninyi wenye mifuniko na kufuli. Hesabu iliyoandikwa kwa jina langu ni ya uongo. Niliuliza vibaya, nikapima midomo badala ya kisima, na dada yangu amelala makaburini kwa hilo. Msinihurumie na msinisamehe. Sijaja kuomba hayo. Fungeni visima leo. Tieni kufuli. Anayetaka maji ya kuoga ayapate, lakini ya kunywa na ya kupikia yachemke kwanza mbele ya macho yenu mpaka mapovu makubwa yapande, hata kama mnatumia mlango wa nyumba kama kuni.

Wala asije mtu kwangu kuuliza mpaka lini. Sina tarehe. Sitatoa tena tarehe. Atakayewapa tarehe, hata akiwa na muhuri, mfukuzeni.

Mama Adolphine, najua uko nyuma ya mlango huu, unasoma, na kuna mwanamke uwanjani kwako ameshika kamba ya buluu. Toka. Mnyang'anye kabla ndoo haijashuka.